Nenosiri Asilolijua Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimemuua mtu. Si kwa kisu — kwa linki.

Saa tatu kasorobo mteja mmoja amepanda ngazi kwa kishindo, nadhani hata magodoro ya duka la chini yalishtuka. Hakugonga. Simu mkononi, jasho usoni. "Nani kaniweka humu?" Humu ni kwenye kundi la wapangaji wa jengo lao. Na kilichowekwa ni kurasa nne za maelezo yake ya ndoa, nilizoziandika mimi, karani, kwa vidole vyangu. Kwamba anamwogopa paka wa mkewe. Kwamba paka akikaa sebuleni yeye hujifungia chooni mpaka mke arudi. Sasa wapangaji wenzake wanamtumia sauti za nyau. Hata mlinzi wa geti!

Bosi wangu akamkalisha. Ni mshauri wa ndoa, na kimoyomoyo namwita Mama Pole, kwa sababu jibu lake kwa kila jambo, kuanzia talaka hadi printa kuishiwa wino, ni "pole". Bwana Paka amepewa pole kumi na moja. Nilihesabu. Kisha Mama Pole akatangaza kwamba tumeingiliwa na wadukuzi.

Wadukuzi! Mdukuzi ni mimi. Ijumaa nilimtumia jirani yake, naye mteja wetu, fomu ya miadi. Badala ya fomu nikampa folda nzima iliyoko kwenye wingu, ile hifadhi yetu ya mtandaoni. Ukibonyeza unaingia, unajipakulia utakacho. Nimegundua saa nne. Nimeifunga saa nne na dakika moja. Sijasema kitu. Nimekwenda chooni nikakaa humo robo saa. Nimemwelewa Bwana Paka. Ni mahali pazuri.

Jumanne, 4 Machi

Wateja watatu wamefuta miadi. Wa nne amekuja, akakaa, akakataa kusema neno. Saa nzima! Mama Pole kampa pole na glasi ya maji.

Amekuja pia kijana wa tai kutuuzia ulinzi wa mtandao. Kaongea dakika arobaini. Nikamuuliza, kampuni yenu inaweza kusoma mafaili yetu? Akasema sisi ni watu waaminifu. Nikamwambia sikuuliza tabia, nimeuliza uwezo. Akaanza kutafuta chaja yake.

Nimempigia wifi yangu, mke wa kaka. Yeye ni fundi wa mitandao chuoni, na ndiye aliyetufungia Wi-Fi hapa ofisini. (Wifi wa Wi-Fi. Amekwisha kunikataza utani huo. Sijakoma.) Nimemweleza yote, pamoja na la linki. Amecheka mpaka nikaweka simu mezani, nikachapa barua mbili, nikaichukua tena. Bado anacheka. Kesho anakuja.

Jumatano, 5 Machi

Wifi kaja na begi lake la nyaya. Kazi hii ina jina: usimbaji fiche. Nikasema linasikika kama ugonjwa wa mifugo. Akasema nyamaza, leta kiti.

Programu yenyewe ni ya bure. Tena ni huria: msimbo wake umeanikwa mtandaoni, anayetaka anausoma mstari kwa mstari. Nikamwambia basi hiyo si siri, hilo ni gazeti.

"Wifi," akasema, "fundi akikwambia kufuli lake ni imara ila hataki mtu aone ndani, unamwamini? Hili wamelikagua mafundi wa kila aina, wakorofi watupu, wanaofurahi kuona mwenzao kakosea. Kinachofichwa si kufuli. Ni ufunguo."

Nimeelewa hivi. Faili linafungwa hapahapa kwenye kompyuta yangu, kabla halijapaa. Kule kwenye wingu kinafika uji. Anayeiba anaiba uji. Wenye wingu lao nao wanatunza uji. Hata majina ya mafaili yanasagwa.

Kisha nenosiri. Nikapendekeza tarehe yangu ya kuzaliwa. Wifi akanitazama kama mtu aliyemeza nzi. Nikapendekeza jina la mama na moja mbili tatu. Akatoka nje kuvuta hewa. Aliporudi akasema chagua maneno sita yasiyojuana, marefu, yasiyo na maana mbele ya mtu yeyote. Nimeyapata. Siyaandiki hapa — mimi si mjinga wa kila siku.

Nilipotaka kumtajia akaziba masikio.

"Usiniambie! Usimwambie yeyote. Hata mimi. Hata nikikulilia."

"Ulie kwa nini?"

"Watu hulia."

Ukisahau hakuna wa kumpigia simu. Hakuna kitufe cha huruma. Imekwenda, imekwenda. Nimerudia maneno yangu sita njia nzima nikirudi nyumbani. Jirani kanisalimia, nusura nimjibu kwa neno la tatu.

Ijumaa, 7 Machi

Inafanya kazi! Nimefungua wingu kwenye simu yangu: mistari ya herufi na namba, kama mtoto amekalia kibodi. Ndoa zote za mji huu zimegeuka takataka. Nimefurahi kupita kiasi. Bwana Paka kaja kuhakikisha. Nimemwonyesha. Akatafuta neno "paka" mara tatu, hakuliona, akavuta pumzi, akaomba miadi.

Furaha ikanipa ujasiri. Nikaingia kwa Mama Pole nikamwambia ukweli, kwamba mdukuzi yuko mbele yake. Akavua miwani. "Pole," akasema. Halafu: "Pole sana."

Miaka sita sijawahi kusikia hiyo "sana". Nimeogopa kuliko kama angenitukana.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwa mama. Sote: mama, kaka, wifi, mimi. Kuku mzuri. Maongezi mabaya. Mama katoa chupa kutoka chini ya meza kama mtu anayetoa zawadi. Mizizi, nyeusi, inanuka soksi. Ya ngapi hii? Mama anaamini tumbo la wifi limelala na linahitaji kuamshwa. Miaka mitano ya ndoa, miwili ya chupa. Wifi kashukuru, kafumba macho, kanywa. Kaka anakata kuku vipande vidogo vidogo, kama wa mtoto asiyekuwepo.

Ili kubadili mada nikaanza kujitapa juu ya kufuli letu. Nimesema siri za ofisi yetu sasa hata mizimu haizisomi. Wifi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu supu. Kaka akainua kichwa. Huyu kaka kazi yangu hajawahi kuiulizia hata siku moja.

"Kwa hiyo mtu akisema kitu pale, kikishaandikwa, hakuna anayeweza kukisoma?"

"Hakuna. Uji mtupu."

"Hata wewe?"

Mama alikuwa anadai chumvi. Nikajibu huku natafuta chumvi. Nimesema, hata shetani. Ndivyo nilivyosema. Hata shetani!

Jumatano, 12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mama Pole huwarekodi wateja, wakikubali. Mimi navaa hedifoni, nasikiliza, naandika, nafunga. Asubuhi nimepewa mteja mpya, namba arobaini na moja, kaonwa jana saa moja na nusu kabla sijafika. Nimebonyeza. Mtu anakohoa. Nikajua kabla hajasema neno. Kikohozi kile nimelala nacho chumba kimoja utoto mzima.

Kaka yangu.

Alikwenda hospitali peke yake, miaka miwili iliyopita. Wakampima. Kasoro ni yake. Daktari kamweleza polepole, kampa karatasi, na karatasi ameificha kwenye gari chini ya tairi la akiba. Hajamwambia mkewe. Kila Jumapili anaitazama chupa inafunguliwa. Anasema akimwona mkewe anameza, koo linalouma ni lake. Mama Pole kasema pole. Halafu kimya. Dakika nzima. Nimeandika "kimya".

Ana bahati hakuwa mbele yangu. Ningempiga na hedifoni. Halafu ningemkumbatia. Halafu ningempiga tena.

Nimeandika kurasa tatu bila kukosea herufi. Nimefunga. Maneno sita. Nimekwenda kwa Mama Pole: huyu ni kaka yangu, tumbo moja. Hakujua; kaka alimpa jina la babu yetu. Amesema angejua asingempokea, na kuanzia sasa namba arobaini na moja ataiandika mwenyewe.

"Nimeshasikia," nikamwambia.

"Basi umeshasikia. Kilichosemwa humu ni chake, si chako. Mkewe akikuuliza je?"

"Mkewe ndiye aliyetufungia kufuli."

Akafungua mdomo. Pole haikutoka.

Alhamisi, 13 Machi

Wifi kaja mchana kukagua mtambo wa Wi-Fi. Kasema ni ukaguzi wa kawaida. Kakaa mbele ya kompyuta yake, kasogeza, kasogeza, kaacha. Kaigeuza nikaona. Orodha ya simu zilizounganishwa wiki hii. Ya mwisho kabisa: "Simba wa Nyumba", jina la simu ya kaka, Jumanne, saa moja na dakika kumi asubuhi.

Mbumbumbu yule! Kaja mapema ili asionekane, kakaa kwenye benchi, kaona nenosiri la Wi-Fi ukutani, kajiunga aangalie magoli!

"Kaniambia anawahi mwanafunzi," wifi akasema. Kaka ni mwalimu wa udereva. "Amekuja kufanya nini hapa?"

"Siwezi kusema."

"Ana mwanamke?"

"Wifi, siwezi kusema."

"Anataka kuniacha. Mama yenu kamshinda. Niambie hapana tu. Neno moja."

"Nikikwambia hapana leo, kesho ukiuliza jingine nikanyamaza, utajua ni ndiyo."

"Nani kakufundisha ujanja huo?"

"Wewe."

Akaivuta kibodi yangu. Kisanduku cha nenosiri kiko wazi, kinapepesa. Akaisukuma kwangu.

"Nifungulie."

"Ulisema hata ukinililia."

"Silii." Alikuwa analia. Machozi yanadondoka kwenye begi la nyaya, naye anakunja waya uleule, anaukunjua, anaukunja. Nikamuuliza kwa upole kama yeye mwenyewe hawezi kulivunja kufuli lake, fundi kama yeye. Akanitazama kwa hasira kama nimemtusi.

"Ningeweza kulivunja ningekuwekea takataka hiyo?"

Hata katika msiba ana kiburi cha fundi. Nampenda. Kaniambia Jumatatu anahamia kwa dada yake, na kwamba mimi na kaka yangu ni kitu kimoja. Ameshuka ngazi bila begi. Limebaki chini ya meza yangu. Nimeshinda nalo, kama mgeni asiyetaka soda.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemfuata kaka kazini. Alikuwa kamaliza mwanafunzi mmoja, anamngoja wa pili. Nimeingia kwenye gari, upande wa mwanafunzi, nikawasha.

"Unaendesha kwenda wapi?"

"Popote. Funga mkanda. Nimesikia rekodi yako."

Akakanyaga breki. Magari haya yana breki upande wa mwalimu pia. Tukasimama katikati ya barabara, nyuma yetu honi kama harusi.

"Ulisema hata shetani hawezi!"

"Baada ya kufunga, mpumbavu wewe! Kabla ya kufunga nani anaandika? Unadhani rekodi inajiandika yenyewe?"

Nikasogea mita kumi. Akakanyaga tena. Kila nikisema ukweli, breki. Mkeo anajua ulikuja — breki. Anadhani una mwanamke — breki kubwa, kichwa changu nusura kifike kwenye kioo. Jumatatu anahama. Hapo hakukanyaga kitu. Gari likajiendea taratibu mpaka kando ya ukuta, likazima.

Akaanza kusema mama atakufa akijua. Nikamwambia mama atatuzika sote na kwenye maziko atalalamikia viti. Akasema mwanamume anasemaje jambo kama lile? Kwa mdomo, nikamwambia, kama ulivyomwambia mgeni aliyekupa pole. Akasema nimsaidie, nimdokeze mkewe. Nikakataa. Nimekataa kumfungulia mkeo, na wewe pia sikufungulii mdomo. Ufunguo unao.

Akafuta macho kwa kitambaa cha kioo. Sasa ana vumbi usoni. Mwanafunzi wake wa pili akagonga dirisha, mama mtu mzima, akauliza kama hili nalo ni somo.

Jumapili, 16 Machi

Nilidhani wifi hatakuja. Kaja. Kavaa vizuri, kama mtu anayeaga. Mimi hanitazami.

Mama na chupa. "Mkwe wangu, hii ni kali kuliko zote, mtaalamu kasema mwezi mmoja tu." Kamimina glasi imejaa. Wifi akanyoosha mkono. Kaka akawahi. Akaichukua, akainuka, akainywa yote kwa mkupuo mmoja. Macho yakamtoka. Akaishika meza.

Mama: "We! Hiyo ni ya wanawake!"

Kaka: "Basi mimi ndiye niliyehitaji."

Akakimbilia uani. Tukamsikia akitapika kwenye maua. Mama anasema huyu mtoto siku hizi ana nini. Wifi anaitazama glasi tupu, muda mrefu, kama fundi anayetazama mtambo unaowaka taa isiyotakiwa. Kisha kanitazama mimi. Nimeangalia kuku. Sijawahi kumwangalia kuku kwa bidii namna ile.

Kaka hakumwambia mkewe kitu kingine. Nusu tu! Kasema nusu, kaondoka na nusu.

Jumatatu, 17 Machi

Wifi hajahama. Kapiga simu ya ofisi.

"Naomba miadi na mshauri."

"Wifi —"

"Mimi si wifi yako. Mimi ni mteja."

Sauti ya kikazi, kama ya barazani. Kasema yuko huru Jumatano, saa nne tu. Nimefungua kalenda. Jumatano saa nne: namba arobaini na moja, ameshaandikwa tangu wiki iliyopita, awamu ya pili. Nimeona. Kwa macho yangu mazima, na miwani juu yake. Nimesema saa nne iko wazi, karibu.

Sijasema alichosema yeyote. Nimekosea kalenda tu. Mtu aliyemwaga ndoa ya mwenzake kwenye kundi la wapangaji anashindwaje kukosea kalenda?

Hata chakula cha mchana nimekirudisha kama kilivyo.

Jumatano, 19 Machi

Naandika hapa mezani, harakaharaka. Nisome baadaye nikiweza.

Saa nne kasoro kumi wifi kafika. Salamu ya karani na mteja. Kakaa kwenye benchi. Kasoro tano, kikohozi kwenye ngazi. Kaka katokea, kamwona, mguu mmoja juu ya ngazi, mwingine chini. Chini mwenye duka alikuwa anapigapiga magodoro — pu, pu, pu.

Mama Pole katoka. Kawaangalia. Kaja mezani, kaangalia kalenda, kaniangalia mimi. Nikajua kazi sina. Hakuniambia pole. Akawageukia, akasema karani wetu amewapa wote wawili saa ileile, na kila mmoja ana haki ya kuonwa peke yake. Wanaweza kuchagua. Yeye atasubiri.

Wakasubiri. Sote tukasubiri.

Wifi akasimama kwanza. Nikadhani anaelekea ngazini, na kaka alidhani hivyo, akajibana ukutani ampishe. Akapita mbele yake, akaingia ndani, akakaa. Mlango akauacha wazi. Kaka akauangalia mlango ule kama mwanafunzi anayeangalia mlima siku ya mtihani. Akaingia.

Baada ya dakika mbili Mama Pole katoka na kinasa sauti, kakiweka mezani kwangu, kimezimwa. Hamna rekodi leo. Hamna kuandika, hamna kufunga. Karudi.

Saa nne na robo. Nimezipanga upya kalamu zote za mezani.

Saa nne na dakika ishirini na tano. Sauti ya kaka, chini, ndefu. Maneno siyashiki, na sijasogeza kiti. Naapa sijakisogeza.

Saa nne na nusu. Wifi kapaza sauti mara moja. "Miaka miwili!" Hilo limesikika, nadhani, mpaka kwenye magodoro. Halafu kitu kimeanguka, au kimewekwa kwa nguvu. Halafu kimya kirefu kuliko kile nilichokiandika mimi.

Saa nne na dakika arobaini. Mlango umefunguka. Wifi peke yake. Uso umevimba, kilemba kiko begani. Kaenda kwenye mtungi wa maji. Kajaza kikombe kimoja. Kasimama, kaangalia ukuta. Kisha kachukua kikombe cha pili, kakijaza pia.

"Ulikuwa unajua," akasema, mgongo kwangu.

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Jumatano iliyopita."

"Nilipolia hapa ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Maji yakafurika, yakamwagikia mkononi, hakusogea. Nikangoja tusi. Nilikuwa tayari, lolote, hata la mama. Akageuka na vikombe vyake viwili, akanitazama usoni. Nimemjua miaka mitano na uso ule sijauona.

"Sijui kama nitakusamehe au nitakuajiri," akasema.

Sikucheka. Yeye pia hakucheka. Karudi ndani, vikombe viwili mkononi, kaufunga mlango kwa kisigino. Haukubana. Umebaki na upenyo wa kidole, na kwenye upenyo naiona mikono ya kaka inapokea kikombe, na namsikia wifi anaanza kumuuliza, polepole, ile karatasi iko —

Nimeinuka. Nimeuvuta mwenyewe mpaka ukabana. Sasa nimesimama hapa, daftari juu ya kabati, kitasa bado nimekishika.